Tangi la Odessa na Samaki wa Agosti

Odessa Threadgill hakuwahi kuchelewa. Kwa miaka ishirini na miwili aliendesha basi la shule, lile la barabara ya kinu cha pamba, na akina mama wa barabara ile walirekebisha saa zao za ukutani kwa honi yake. Mtoto akikawia nusu dakika, alikuta vumbi tu. "Basi halina huruma," Odessa alikuwa akisema, "lakini saa linayo." Alikuwa mwanamke mrefu, mabega mapana, umri miaka hamsini na minane. Kitu kikiharibika alikuwa na namna yake ya kukitazama, kimya, kama mtu anayemsubiri mtoto mkaidi aseme ukweli wake mwenyewe.

Shule zikifungwa, kiangazi kikiwaka, alikuwa mtu wa ziwani. Boti yake ilikuwa ndogo, ya bati la alumini, futi kumi na nne, tumbo bapa. Aliachiwa na baba yake, Amos. Na chama cha wavuvi cha gati lile nacho alikianzisha Amos na wenzake sita, zama zile watu weusi walipokuwa wakifukuzwa kwenye gati la upande wa pili. Walianza na mizani moja, meza moja, na sheria ambayo Amos aliiandika kwa mkono wake akaigongomelea juu ya mizani. Samaki afike hai, apimwe, arudishwe majini. Atakayeleta wafu wawili kwa siku moja atakaa kando, jina lifutwe ubaoni. Akitaka kurudi ana nafasi moja tu, mkutano unaofuata: alete samaki mmoja aliye hai mpaka kwenye mizani. Akishindwa, jina lake halirudi tena.

Mwezi wa Julai Odessa alileta wafu wawili.

Walikuwa besi, samaki wa mdomo mpana, wanene wote wawili, wamelala ubavu kwenye maji ya kasha la barafu. Mpimaji alikuwa Mzee Lucius Battle, ambaye kati ya wale saba wa mwanzo ndiye peke yake aliyebaki. Akamshika mmoja mkia, akamwangalia, akamwangalia na Odessa.

"Binti Amos," akasema, "hawa niwaweke kwenye mizani au nimwite mchungaji?"

Watu wakacheka. Mtu mmoja nyuma akapaza sauti, "Mama mochwari huyo!" Kufika Jumapili jina lilikuwa limeshaingia kanisani na kuketi kiti cha mbele.

Jumatatu asubuhi Odessa alilitoa lile kasha la barafu uani, akaliweka juu ya mafiga mawili ya matofali, akachukua drili.

Mdogo wake, Vernell, alikuwa jirani, nyumba ya pili. Vernell alikuwa msusi, anasukia watu jikoni kwake, na mdomo wake haukujua kupumzika. Alitoka na kitana mkononi.

"Dada, unatoboa kasha zima?"

"Natoboa."

"Lile tulilobebea viazi vya msiba wa mjomba?"

"Lilelile."

"Haya. Mjomba alale pema."

Watu wenye boti kubwa wana tangi la samaki limejengwa humo humo ndani. Wao hubonyeza swichi tu. Odessa miaka yote alikuwa akibadilisha maji kwa ndoo, na aliamini ndoo ndiyo iliyomponza. Basi akataka maji yaingie yenyewe, yatoke yenyewe, na katikati yawe na pumzi. Hilo la pumzi ndilo alilolifikiria zaidi. Samaki, alisema, hafi kwa kiu. Anakufa kwa kukosa hewa, kama watoto wangu kwenye basi madirisha yakikwama.

Pampu yenyewe ilikuwa kitu kidogo, kama kikombe cha kahawa, ya kutumia betri. Ilitakiwa ikae nyuma ya boti, chini ya usawa wa maji. Duka zima la vifaa walimwambia toboa boti ndiyo uifunge vizuri. Odessa akakataa. Amos alikuwa akisema boti ina matundu ya kutosha, usiiongezee. Akaenda jikoni, akachukua ubao wake wa plastiki wa kukatia nyama, akaukata kwa msumeno, akaubana nyuma ya boti kwa vibano viwili, na pampu akaifunga kwenye ubao. Boti haikuguswa hata kwa ncha ya msumari.

Kutoka kwenye pampu ukapanda mpira wa maji mpaka juu ya kasha. Pale ukaingia kwenye kipande cha bomba la plastiki alichokitoboa matundu madogo madogo, akakilaza chini ya kifuniko, ili maji yaanguke kama manyunyu na kushuka na hewa. Ubavuni mwa kasha, juu, akatoboa tundu la kutolea maji ya ziada, akalifunga bomba nene linalomwaga nje. Bomba la kutolea lilikuwa nene mara mbili ya lile la kuingizia. Vernell akauliza kwa nini.

"Kanisa lenye mlango mpana wa kutokea halikanyagani," Odessa akasema, huku akipaka gundi ya silikoni kwa kidole. "Hili likiwa jembamba, ninajaza boti badala ya tangi."

Waya alizifunga mwenyewe, na fyuzi akaiweka karibu na betri. Mambo ya waya aliyajua. Taa za basi zilishamfunza.

Mwanzo aliliweka tangi nyuma, karibu na mashine, ili alione. Lilipojaa, galoni kumi na tano, boti ikakalia mkia kama mbwa anayeomba mkate. Akalikokota hadi katikati.

"Na mimi nitakaa wapi?" Vernell akauliza. Sheria ya chama ni watu wawili kila boti, na Vernell ndiye alikuwa mtu wa pili miaka yote, ingawa maji aliyaogopa kama kaburi. Akishaketi, alikuwa haondoki mpaka waguse nchi kavu.

"Juu yake," Odessa akasema.

"Nikalie samaki?"

"Ukalie kifuniko. Samaki ana chumba chake."

Siku ya kwanza ya kujaribu, boti imefungwa gatini, aliwasha swichi na pampu ikaunguruma vizuri kabisa. Maji hayakuja. Vernell, ambaye alikuwa amesimama nchi kavu na njugu zake za kuchemsha, akasema labda pampu inasali kwanza. Odessa hakucheka. Aliuangalia ule mpira muda mrefu, akaufuata kwa macho tangu chini. Ulipanda, ukashuka kidogo, ukafanya tumbo, ndipo ukapanda tena. Akaubonyeza pale penye tumbo. Mtupu. Hewa ilikuwa imejikalia pale, maji yanagonga, hewa haifungui.

Akaukata mpira inchi kumi, akaufunga upya. Sasa toka kwenye pampu hadi kwenye tangi ilikuwa kupanda tu, hakuna kushuka. Hewa ikiingia ingejipandia yenyewe na kutoka. Akawasha. Bomba likakohoa mara mbili, kisha manyunyu yakaanza kushuka ndani ya kasha la viazi vya msiba.

Alikaa akiyasikiliza saa nzima. Siku tatu zilizofuata alirudi kuyasikiliza. Kila mara boti imefungwa gatini, kwa sababu hivyo ndivyo kila mtu wa gati lile anavyojaribu tangi lake, kamba nne na kahawa mkononi.

Mkutano wa Agosti ulianza saa kumi na mbili asubuhi. Kengele ya kufunga ingelia saa nane mchana. Ukichelewa, kila dakika inakula ratili moja ya uzito wako, na dakika kumi zikiisha Mzee Battle anafunga mizani kwa kufuli na kutia ufunguo mfukoni.

Jua lile lilikuwa la kuchuna ngozi. Kufika saa sita walikuwa hawajapata kitu. Odessa akaipeleka boti mbali, maili sita, kwenye kijito chenye visiki, mahali Amos alipokuwa akimpeleka utotoni. Alirusha chambo chake, mnyoo wa plastiki, kwenye kila kisiki kama mtu anayebisha hodi nyumba kwa nyumba. Saa saba na dakika kumi, nyumba moja ikafungua mlango.

Besi alikuwa mkubwa. Alipanda hewani mara mbili, akakimbilia visiki, akarudishwa. Odessa alimwinua kwa mdomo wake wa chini, hakumgusa magamba.

"Ondoka hapo, Vernell."

"Niondoke niende wapi? Huku kote ni maji!"

"Inua kiuno tu, mdogo wangu."

Vernell akainuka nusu, macho kafumba. Samaki akaingia tangini, swichi ikawashwa, manyunyu yakaanza. Yule besi akakaa katikati ya maji, wima, mashavu yanapanda na kushuka polepole. Odessa alimtazama kisha akashusha pumzi aliyoishika tangu Julai.

Alipogeuka kukunja mishipi, alisikia mfuko ukichakacha. Vernell alikuwa ameufungua mkoba wake mkubwa.

"Hiyo ni nini?"

"Barafu ya kanisani. Maji yamekuwa ya kuogeshea mtoto mchanga, dada, yatamchemsha."

Odessa aliukamata mkono wake hewani. Wakatazamana.

"Vernell. Na Julai uliweka?"

Vernell akayatazama maji ya ziwa, yeye ambaye huwa hayatazami. "Mifuko miwili. Uliposhuka kufunga kamba. Niliwaonea huruma."

"Barafu ya maji ya mfereji."

"Maji si maji tu?"

"Yale ya mji yana dawa! Wewe mwenyewe kila siku unalalamika yanawakausha wateja wako nywele. Kama yanaua nywele, samaki yatamwachaje?"

Vernell akautazama mfuko wa barafu mkononi mwake.

"Mwezi mzima," Odessa akasema taratibu, "naitwa mama mochwari. Na muuaji nimemkalisha juu ya kifuniko."

"Ningekwambia. Baada ya Agosti."

Odessa akauchukua ule mfuko, akaufunga mafundo matatu, akauvuta kila upande kuhakikisha hauvuji, akauweka ndani ya tangi vilevile ulivyofungwa. "Baridi itoke, maji yasitoke," akasema. "Keti. Tuna safari."

Saa saba na dakika ishirini na tano aliwasha mashine. Kwa mwendo wa kasi maili sita zilikuwa dakika ishirini. Angefika na robo saa mkononi, kama anavyofika kila mahali. Akafungua mafuta, pua ya boti ikainuka, ikatulia, wakaanza kuruka juu ya maji.

Mtu aliyeendesha basi miaka ishirini na miwili haangalii sana. Anasikiliza. Odessa alisikia mashine, akasikia bati likipigwa na mawimbi, akasikia Vernell akimtaja Yesu. Hakusikia manyunyu.

"Inua kifuniko!"

"Nimekikalia!"

"Vernell, inua kifuniko!"

Vernell akapiga magoti chini, akakishika kwa mikono miwili. "Maji yamo, lakini hayaanguki. Dada, samaki anaegemea ukuta. Kama mlevi."

Odessa akazima mashine, boti ikashuka. Aliinama nyuma akaona kosa lake, waziwazi kama alama ya dole. Boti ikikimbia, tako lake hupanda. Ubao wa nyama aliufunga juu mno, na pampu ilikuwa imetoka nje ya maji, inakunywa upepo. Gatini isingeonekana kamwe. Gatini boti haikimbii.

Ubao usingeshuka palepale. Vibano vilikuwa vimekazwa kwa spana, na spana ilikuwa imebaki kwenye gari. Akazima swichi, akahesabu tano. Hewa ikajipandia mpirani, ikatoka. Akawasha. Manyunyu yakarudi.

Vernell aliangalia saa yake. "Tukienda polepole hivi tutafika lini?"

"Saa tisa. Kufuli limeshafungwa."

"Na tukikimbia?"

"Saa nane kasoro. Na maiti."

Odessa aliitazama njia ya maji iliyokuwa mbele yao, ile rasi ya misonobari, kisha ile nyingine, kisha nguzo za umeme. Akazihesabu kwa kidole, midomo inacheza.

"Tutasimama vituo," akasema.

"Vituo?"

"Mpaka misonobari ile, tunakimbia. Tunasimama, samaki anavuta pumzi. Mpaka ile ya pili, tunakimbia. Tunasimama. Wewe tukiwa mbioni mnyunyizie."

"Nimnyunyizie kwa kitu gani?"

Odessa akanyoosha kidole kwenye jagi la chai miguuni pa Vernell. Vernell akalikumbatia. Ilikuwa chai yake ya sukari, ya limau, aliyoipika jana yake. Akaitazama, akamtazama dada yake, akaimwaga yote ziwani na limau zake.

"Utanikumbuka kwa hili," akasema, na akapiga magoti.

Basi wakaenda hivyo. Boti inaruka, na Vernell, ambaye kwa miaka tisa hakuwahi kuinuka katikati ya ziwa, amepiga magoti kwenye bati linalorukaruka, anachota maji ya tangi kwa jagi, anayainua juu ya kichwa, anayaangusha. Nusu yanaingia tangini, nusu yanaingia kifuani kwake. Anahesabu kwa sauti. Akimwona samaki analala anapiga kelele, "Shusha! Abiria anashuka!" na Odessa anazima mashine, anazima swichi, anahesabu tano, anawasha. Wanangoja. Wakati wa kungoja ndio ulikuwa mgumu. Mkono wa Odessa ulikuwa tayari kwenye mashine, lakini haondoki mpaka yule samaki asimame wima.

Walipofika kwenye nguzo za umeme, kengele ililia.

Ililia ng'ambo, nyembamba, juu ya maji yote. Odessa alisikia kila pigo. Uso wake haukubadilika, ila alilamba midomo.

"Tumechelewa," Vernell akanong'ona, kama anayetoa habari ya msiba.

"Nimesikia."

Gati likaonekana, watu wamejipanga ukingoni, meza, mizani. Robo maili. Mtu yeyote angefungua mafuta yote akaenda. Vernell akachungulia tangini.

"Dada... amelala tena."

Odessa akazima mashine, mbele ya macho ya chama kizima. Kule ukingoni kicheko kikaanza. Sauti ikaja juu ya maji, "Basi la shule limeharibika!" Nyingine, "Tulete jeneza, mama mochwari?" Odessa akahesabu tano. Akawasha swichi. Akasimama wima ndani ya boti, mikono kiunoni, akatazama ndani ya tangi, si ukingoni. Dakika nzima ikapita. Ya pili ikaanza. Pezi likafunguka. Samaki akajiinua.

"Sasa," akasema.

Mzee Battle alikuwa amesimama na kufuli wazi mkononi. "Dakika saba, Binti Amos," akasema. Hakutabasamu. "Wewe, wa watu wote."

"Najua. Pima."

Alimbeba besi kwa mikono miwili, mikono imelowa, akamlaza kwenye kikapu cha mizani. Samaki akatulia. Hakutikisa pezi. Watu wakasogea, vicheko vikafa kimoja kimoja. Mzee Battle akainama, miwani karibu iguse magamba, ili aone kama shavu lina pumzi.

Besi alimpiga mkia wa uso. Miwani ikaruka, ikatua kwenye sahani ya mtu ya mkate wa mahindi.

"Huyu hajafa," Mzee Battle akasema, akijifuta ute shavuni. "Huyu amekasirika." Akasoma mizani bila miwani, akasomewa tena na wenye macho. "Ratili tano na nusu. Toa saba za kuchelewa."

"Inakuwa ngapi?" Vernell akauliza. Alikuwa amelowa kuanzia nywele mpaka viatu, na nywele zile alizisuka jana.

"Chini ya sifuri, mwanangu. Ratili moja na nusu."

"Chini ya sifuri! Kwa hiyo hata samaki mwenyewe hatujampata bado?"

Safari hii walicheka wote, na Mzee Battle naye. Alipoipata miwani yake, aliufuta mkate kwenye kioo, akachukua chaki, akaenda kwenye ubao. Aliandika *Odessa Threadgill* polepole, herufi moja moja, mahali pale pale jina lilipokuwa. Kwenye uzito akachora mstari. Akamgeukia.

"Baba yako alichelewa mara moja," akasema. "Hakunisimulia kwa nini."

Odessa hakungoja kusikiliza zaidi, kwa sababu alikuwa ameshamtoa samaki mizanini, yuko mikononi. Aliingia majini mpaka magotini na viatu vyake, akamshika chini ya tumbo, akamsukuma mbele na nyuma, maji yapite mashavuni. Besi alikaa kitambo kwenye kiganja chake kana kwamba hajui kama yuko huru. Kisha mkono ukawa mtupu.

Odessa alijifuta kwenye suruali, akapanda hadi kwenye gari, akarudi na spana. Watu walikuwa wanaanza kugawana samaki wa kukaanga waliotoka dukani. Yeye aliinama nyuma ya boti, akalegeza kibano cha kwanza.

"Dada, si tule kwanza?" Vernell akasema.

"Ushuke inchi tatu," Odessa akasema. "Unishikie huu ubao. Usiuachie."

Vernell akautazama ukingo, akayatazama maji, akayaingia mpaka magotini, akaushika ubao.